Mimba Ilitoka, au Aliitoa?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja jioni mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili hapa Columbus, Ohio. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka mdomoni. Nimefuta tu pale nilipokohoa na pale kipaza sauti kilipogoma.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Na ndugu zangu wa Kongo, jambo yenu.

Mmeona? Salamu tu, na tayari tumeshapita Viswahili vitatu. Mzee wangu wa Bukavu pale mbele ameitikia shikamoo kwa kucheka, kwa sababu kwao mtu hasalimiwi hivyo. Hiyo ndiyo kazi yangu, mwaka wa 16 sasa. Mimi ni mkalimani wa hospitali. Nilizaliwa Tanga, nikaja huku nikidhani Kiswahili nakijua, mpaka siku ya kwanza nilipokaa na mama wa Uvira akaniambia tumbo "inamuluma". Nikajua bado nina shule mbele yangu.

Aliyenialika aliniomba nizungumzie "huo mjadala wa Wamarekani wa kutoa mimba". Nilisita. Humu ndani nawaona padri na mchungaji, namwona shehe, nawaona kina mama walionizidi umri, na wako vijana ambao najua wamefuata pilau. Mimi si mwanasheria wala si daktari. Nitakalosema nimeliona pale ninaposimama kazini, yaani pembeni ya kitanda, nusu hatua nyuma ya bega la mgonjwa. Kutoka hapo huoni siasa. Unaona karatasi, na unaona mikono ya watu.

Halafu kuna suala la amana. Mkalimani anafungwa na siri. Kwa hiyo watu nitakaowataja leo nimewachanganya makusudi: umri, mwezi, idadi ya watoto, mji waliotoka. Ukidhani umemtambua jirani yako, umekosea.

Haya. Ni usiku wa kuamkia Jumapili. Mama ana mimba ya wiki 11 na anatokwa na damu tangu magharibi. Yuko chumba cha dharura. Mimi niko jikoni kwangu, naonekana kwenye kioo cha tableti iliyofungwa juu ya mguu wa chuma wenye magurudumu. Siku hizi nusu ya kazi yetu inakwenda hivyo. Daktari anauliza yale wanayouliza daima, mara ya mwisho kuingia mwezini ilikuwa lini, damu ni nyingi kiasi gani. Kisha anauliza: umetumia kitu chochote?

Mama akajibu, "Nilikunywa dawa."

Ngojeni hapo. Neno dawa kwetu ni pana kama bahari. Panadol ni dawa, mwarobaini ni dawa, ya meno ni dawa, ya mbu ni dawa, hata ya kupendwa na mume ni dawa. Ningelivusha neno hilo kama lilivyo, muuguzi aliyekuwa anaandika angeandika kwamba mama huyu, mwenye mimba inayotoka damu, amekiri kunywa dawa. Nikafanya tunachoruhusiwa kufanya, nikasema kwa lugha zote mbili kwamba mkalimani anaomba ufafanuzi. Ikaonekana ni chai ya tangawizi na vidonge viwili vya maumivu alivyonunua dukani.

Mimba ilitoka usiku ule ule. Asubuhi walimpa karatasi za kurudi nyumbani, za Kiingereza, kurasa saba. Alizifikisha nyumbani, akaziweka mezani, akalala. Kijana wake wa kwanza ana miaka 14, Kiingereza chake cha shule ni kizuri kushinda changu. Akazichukua akasoma. Kwenye ukurasa wa pili, palipoandikwa ugonjwa, pamechapishwa: "incomplete abortion".

Kijana akamwamsha mama yake. "Mama, ulitoa mimba?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoitiwa. Katika Kiingereza cha madaktari, neno "abortion" halimlaumu mtu. Maana yake ni mimba kukoma kabla ya kijusi, yaani kiumbe kinachokua tumboni, kuweza kuishi nje, basi, iwe imekoma yenyewe au kwa mkono wa mtu. Iliyojitokea yenyewe na kubakiza mabaki kwenye kizazi inaandikwa vile alivyosoma kijana. Ndivyo lilivyo kwenye orodha za magonjwa zinazotumika hospitali zote za nchi hii. Lakini neno hilo hilo likitoka nje ya mlango wa hospitali likaingia kwenye televisheni, kanisani, kwenye sheria na kwenye darasa la yule kijana, lina maana moja tu: mtu aliitoa.

Kiswahili hakina shida hiyo. Sisi tuna kutoka na kutoa. Mimba ilitoka. Mimba aliitoa. Herufi moja inadondoka katikati, na dunia mbili zinatengana. Kitenzi cha kwanza hakina mtenda. Mimba yenyewe ndiyo imetoka, kama jino la mtoto. Cha pili kina mtu ndani yake, na mtu akishakuwepo, ataulizwa. Ndugu zetu wa Kongo wameongeza la tatu, kutosha. "Walinitosha mimba." Kwa Mtanga, kutosha ni kutopungua, chai imetosha, asante. Kwa mama wa Kivu ni kuondoa. Na anaposema walinitosha, mara nyingi anasimulia jinsi madaktari walivyomsafisha kizazi baada ya mimba kuharibika. Mkalimani asiyejua Kiswahili cha Kongo atamfanya mama huyo aonekane aliyekwenda kutoa.

Nimewachosha na sarufi. Lakini naapa, tangu 2022 sijaona njia nyepesi zaidi ya kueleza kinachogombaniwa hapa. Sheria ya jimbo lolote, ukiiondolea mapambo yote, inauliza swali moja: ilitoka, au aliitoa? Na ikishauliza, lazima pawe na mtu wa kujibu, saa nane za usiku, akiwa na koti jeupe na mkopo wa chuo ambao hajaumaliza.

Kwa wageni waliofika juzi, nieleze haraka. Kuanzia Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, kwamba katiba ya nchi inamlinda mwanamke anayeamua kutoa mimba, mpaka kipindi fulani. Majimbo yalivutana na hukumu hiyo karibu miaka 50. Tarehe 24 Juni 2022, kwenye kesi ya Dobbs iliyoanzia Mississippi, mahakama hiyo hiyo ikaifuta, ikasema jambo hili warudishiwe majimbo. Kwa hiyo mtu anayekutumia video kwamba Marekani imepiga marufuku anakudanganya, na anayekwambia Marekani yote inaruhusu mpaka siku ya kujifungua anakudanganya pia. Hakuna Marekani katika jambo hili. Kuna Ohio, kuna Indiana, kuna Texas.

Ohio yetu ilikuwa na sheria yake ya 2019 ikisubiri kabatini, imezuiwa na mahakama. Siku Dobbs ilipotangazwa, jioni ile ile, sheria ile ikatoka kabatini. Ilikataza kutoa mimba mara tu mapigo ya moyo yanaposikika kwenye kipimo, kama wiki ya sita hivi, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama wameshika mimba. Iliacha mlango wa maisha ya mama kuwa hatarini, au mwili wake kupata madhara makubwa yasiyorekebishika. Ilidumu karibu miezi mitatu kabla ya jaji wa Cincinnati kuisimamisha.

Katika miezi ile mitatu nilikuwa chumbani, mwenyewe, si kwenye kioo. Hospitali siitaji. Mama ana wiki 17, chupa imepasuka, maji yamekwisha. Daktari anajua, mama anajua, hata mimi nilijua: mtoto huyu hatakaa. Lakini moyo bado unapiga kwenye kipimo. Daktari akasema sentensi mbili nikazifasiri, kisha akasema narudi, akatoka, akavuta mlango.

Dakika zikaenda. Mama akaniuliza, "Dada, ameenda kumwuliza nani?"

Mimi nafasiri yanayosemwa. Nyuma ya mlango uliofungwa sina cha kufasiri. Nilimwambia tu kwamba mkalimani hajui, tumsubiri daktari. Muuguzi alimpima homa mara moja, akampima tena, mara ya pili kipimo kikasoma 101, ambayo kwa hesabu za nyumbani ni 38 na kitu. Yule daktari aliporudi alikuwa na daktari mwenzake, na sasa walikuwa na haraka. Kumbe homa ndiyo iliyokuwa imewapa ruhusa. Sijasema walikuwa watu wabaya. Yule daktari wa kwanza, maana alikuwa binti tu kwangu mimi, mikono yake ilikuwa inatetemeka alipokuwa anavaa glovu.

Ikaja karatasi ya ridhaa. Baba watoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani. Akainuka, akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Mimi ni kichwa cha nyumba, leteni nitie saini. Nikafasiri. Muuguzi akatabasamu, akairudisha kalamu nyuma kidogo, akaiweka kwenye vidole vya mama. Mama akamtazama mume wake kwanza. Akatazama karatasi. Akanitazama mimi, na mimi natakiwa nisiwe na uso. Kisha akaandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa, kama anayejifunza.

Wanaharakati wana msemo wao, haki ya mtu juu ya mwili wake. Nikiusikia, naiona kalamu ile. Naona pia kwamba mle chumbani walikuwa watatu waliokuwa wakitaka kuishika: mume, jimbo la Ohio, na mwenye mwili. Tukisema ukweli kina baba, wengi wenu mnaowalaani wanasiasa kwa kuingilia tumbo la mke wenu, na nyinyi mnajua kunyoosha mkono.

Wala kalamu haiandiki upande mmoja tu. Nimefasiri kwa binti wa miaka 19 ambaye mama mkwe, mume, hadi shangazi aliyekuwa kwenye simu kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, walitaka aitoe kwa sababu nyumba ni ndogo na kazi ya ghalani haimsubiri mtu. Yeye alitaka kuzaa. Daktari aliwatoa wote nje, tukabaki watatu, akamwuliza mara tatu kwa maneno tofauti, na mara zote tatu akasema nataka kuzaa. Amezaa. Nakumbuka kwa sababu alimuuliza daktari kama kuna sheria ya kumlinda yeye pia, anayetaka kubaki nayo.

Ipo, jamani. Hapa ndipo nataka niwasomee. Novemba 2023 wananchi wa Ohio walipiga kura kuongeza kifungu kwenye katiba ya jimbo. Kifungu kinasema kila mtu ana haki ya kufanya na kutekeleza maamuzi yake ya uzazi, kisha kinayataja: kuzuia mimba, matibabu ya kutafuta mtoto, kuendelea na mimba yake, matibabu ya mimba iliyoharibika, na kutoa mimba. Mmesikia mpangilio? Kuendelea nayo imetajwa. Na aliyeandika ameitenga iliyoharibika na iliyotolewa, akaziweka kila moja na jina lake. Kutoka na kutoa, kwa Kiingereza, ndani ya katiba. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya kununua mafuta ya gari, nikaisoma tena.

Jimbo bado laweza kuzuia kutoa mimba baada ya kijusi kufikia hali ya kuweza kuishi nje ya tumbo, isipokuwa pale daktari anayemtibu mama anapoona maisha au afya yake inahitaji. Kifungu kilipita kwa karibu asilimia 57. Miezi mitatu kabla, Agosti, walikuwa wamejaribu kupandisha kiwango ili mabadiliko ya katiba yahitaji asilimia 60, wananchi wakakataa. Fanyeni hesabu wenyewe. Na Oktoba 2024 jaji akaifuta ile sheria ya wiki sita.

Kabla ya kura, wakubwa waliosimamia karatasi ya kupigia waligombana kwa neno moja. Waliokusanya saini waliandika kijusi. Muhtasari uliochapishwa kwenye karatasi ukasema mtoto ambaye hajazaliwa. Wakapelekana Mahakama ya Juu ya Ohio, na neno hilo likabaki. Bibi mmoja wa hapa, raia, mpiga kura, aliniomba nimsomee kifungu chenyewe, kile cha waliokusanya saini, kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye kijusi akaniuliza, "Kijusi ndiyo nini?" Nikamweleza. Akasema, "Basi si useme mtoto." Nami nakubali, lugha yetu imeegemea upande huo. Hatusemi kijusi kinacheza tumboni. Tunasema mtoto anacheza. Anayepinga kutoa mimba humu ndani hakuletewa wazo na Wamarekani. Lilikuwa kwenye maneno ya bibi yake.

Mnataka kujua nilipigaje. Nilipiga ndiyo. Mume wangu, aliyekaa pale karibu na birika na sasa anajifanya haoni, alipiga hapana. Tulikwenda kituoni na gari moja na tukarudi na gari hilo hilo. Yeye anasema mtoto ni mtoto tangu siku ya kwanza, na sheria isiyomlinda asiyeweza kusema haina kazi nyingine ya maana. Sina jibu la kumnyamazisha. Yeye naye hajanijibu nilipomwuliza, je, mlango ule ungefungwa tukiwa sisi ndani? Padri wetu atakwambia uhai unaanza mimba inapotungwa. Shehe atakwambia wanazuoni wamehitilafiana, wapo wa siku 40, wapo wa siku 120, wapo wanaokataza tangu mwanzo, lakini uhai wa mama ukiwa hatarini hukumu inabadilika. Hayo ni ya nafsi na Mola wake. Mimi ninachokataa ni polisi kusimama katikati ya sentensi ninayoifasiri.

Msidhani natia chumvi. Mji wa Warren uko hapa hapa jimboni, kaskazini mashariki. Septemba 2023, mwanamke mwenye mimba ya zaidi ya wiki 21 alikuwa ameshakwenda hospitali, ameshaambiwa mimba haitaishi. Ilimtokea nyumbani, chooni. Alipofika tena hospitali kwa damu, polisi wakaitwa, akashtakiwa kwa kuivunjia maiti heshima. Uchunguzi ulionyesha kijusi kilikufa kikiwa bado tumboni. Januari 2024 jopo la raia lilikataa kesi iende mbele. Mama huyu ni Mmarekani kwao, Kiingereza ni chake. Hakuhitaji mkalimani ili aeleweke kwamba ilitoka. Na bado aliulizwa.

Sasa mfikirie wa kwetu, mwenye kesi ya hifadhi bado mezani, anayesema dawa na kutosha.

Madereva mko wengi hapa, kwa hiyo ramani. Ukichukua I-70 kuelekea magharibi, kama saa moja na nusu umeingia Indiana, na kule karibu kila hali imepigwa marufuku tangu Agosti 2023. Ukishuka kusini ukavuka mto uko Kentucky, marufuku. Huko 2022 wapiga kura wake walikataa kuandika kwenye katiba kwamba haki hiyo haipo, lakini marufuku imebaki vile vile. Hata mimi hunichukua muda kulieleza hili. West Virginia, marufuku. Michigan na Pennsylvania, inaruhusiwa kwa mipaka yao. Ndugu zenu wa Texas wako pagumu zaidi: daktari anaweza kufungwa maisha na kutozwa faini isiyopungua dola 100,000, na tangu 2021 mtu yeyote wa pembeni anaweza kumshtaki aliyesaidia na kudai dola 10,000 au zaidi. Anayesaidia ni pamoja na nani? Madereva wa teksi za simu waliliuliza swali hilo mapema sana. Mwaka 2025 bunge la Texas lilibidi lipitishe sheria nyingine ya kuwafafanulia madaktari ni lini wanaruhusiwa kumwokoa mama. Yaani ile ya kwanza ilikuwa imewaacha wanasubiri homa ipande.

Na tusikae hapa tukiwacheka Wamarekani. Tanzania, kifungu cha 150 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 14 kwa anayemtoa mwenzake mimba. Anayeachiwa ni anayemfanyia mama upasuaji ili kuokoa maisha yake. Kenya wana karibu maneno hayo hayo. Yote mawili ni wajukuu wa sheria ya Uingereza ya 1861. Waingereza wenyewe walilegeza 1967, sisi tukabaki na karatasi yao. Kenya iliandika kwenye katiba ya 2010, ibara ya 26, kwamba mtaalamu wa afya akiona kuna dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, inaruhusiwa, lakini kanuni ya zamani haikufutwa, kwa hiyo nesi wa Kilifi anafanya kazi katikati ya vitabu viwili vinavyogombana. Na nyinyi wa Kongo, je, mnajua kwamba mkataba wa Maputo wa haki za wanawake wa Afrika ulichapishwa kwenye gazeti la serikali Kinshasa mwaka 2018? Unaruhusu pale mama alipobakwa, au mimba ikitokana na ndugu wa damu, au ikihatarisha afya yake. Nimewauliza kina mama wangapi waliopitia yale ya Mashariki, mimba zile mnazozijua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia.

Ya kufanya ni machache. Hospitali inayopokea fedha za serikali, na karibu zote zinapokea, inatakiwa kukupa mkalimani bure. Msingi wake ni sheria ya haki za raia ya 1964, na sheria ya bima ya afya ya 2010 ikakaza zaidi. Amri ya Machi 2025 ya kufanya Kiingereza lugha rasmi haikuzifuta sheria hizo. Sema tu "Swahili", na kama wewe ni wa Kongo sema "Swahili, Congo", watakutafutia anayekufaa. Ukiona mkalimani hakuelewi, una haki ya kusema nibadilishieni, hata kama ni mimi. Usimwambie daktari dawa. Taja jina, rangi, nani alikupa, ulikunywa lini. Daktari yuko upande wako na anahitaji ukweli ili usife. Polisi akija kitandani, hapo ni tofauti: unaruhusiwa kunyamaza mpaka umpate wakili, na mkalimani atakufasiria hata ukimya huo. Na kwa jina la Mungu, mtoto wa miaka 14 asiwe mkalimani wa kizazi cha mama yake.

Nilikuwa sijamaliza habari ya yule kijana.

Jumatatu ofisi ya daktari ilipiga simu nyumbani kumfuatilia mama, nikaunganishwa katikati. Bahati tu, sauti nikaifahamu. Mama hakuuliza habari ya damu wala maumivu. Aliuliza kama karatasi inaweza kuandikwa upya. Daktari hakuelewa kwa nini, nikafasiri sababu, na upande wa pili kukawa kimya kwa muda. Kisha daktari akaomba, kama mama ataridhia, azungumze na kijana mwenyewe. Mama akaridhia.

Kijana alishika simu akaanza kwa Kiingereza. Daktari akamwambia ataongea Kiingereza lakini mkalimani atarudia kwa Kiswahili ili mama naye asikie. Akaeleza: hili ni neno la vitabu vyetu, mama yako hakufanya chochote, mwili wenyewe ndio uliofanya, hutokea kwa wengi. Nikasema, "Mimba ya mama yako ilitoka yenyewe."

Akanyamaza. Nilikuwa nasikia televisheni nyuma yake. Halafu akasema kwa Kiswahili, si kwa daktari, nadhani si hata kwangu: "Nimeshawaambia wadogo zangu."

Mama akachukua simu. Akaniomba nimwulize daktari kama anaweza kurudia yote tangu mwanzo, taratibu, kwa sababu baba yao ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Nikamwuliza. Daktari akarudia, na mimi nikarudia.